Nimefukia mabua badala ya kuchoma, mpunga umekuwa njano. Nani kanidanganya?

#1 JarubaLaSita (Mombo)

Wakuu salamu. Niende moja kwa moja maana nina hasira.

Tangu enzi za marehemu baba, tukimaliza kuvuna tunakusanya mabua ya mpunga tunatia kiberiti, jioni moja kazi imekwisha. Msimu huu nikasema hapana. Nilimsikia bwana shamba kwenye redio anasema kuchoma ni kuua vijidudu vya udongo, fukia mabua yaoze, udongo utanenepa. Nikamwita fundi wa pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono), akafukia kila kitu, majaruba 2 (vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa tuta) ambayo kwa pamoja ni kama nusu ekari. Jirani yangu, mzee mmoja ambaye hajawahi kusikiliza kipindi cha kilimo hata siku moja, akachoma yake kama kawaida.

Leo ni siku ya 24 tangu nipandikize. Mbegu moja, SARO 5. Kitalu kimoja, miche tuligawana. Mfereji mmoja. Wake umekoza kijani hadi unaelekea weusi. Wangu njano, umedumaa, machipukizi mawili matatu kwa shina. Mzee akipita anakohoa tu, hasemi kitu. Kile kikohozi kinaniuma kuliko hasara.

Swali: huu utaalamu wa kufukia mabua umetoka wapi, na hivyo vijidudu nilivyoviokoa viko wapi vije vinisaidie?

#2 Mtanga_Mjini

Nimekaa siti ya mbele. Huyo mzee wa kikohozi apewe maua yake.

#3 FundiPawatila

Kabla hamjaanza kutafuta mchawi, fundi hana kosa. Sisi tunafukia unachotuambia tufukie. Ila mabua marefu yanajisokota kwenye visu, unasimama kila dakika 10 kuyakata kwa panga, dizeli inakwenda. Anayetaka nifukie mabua ayakatekate kwanza au aongeze hela.

#4 Nusu_Mtaalamu

Pole mkuu. Vijidudu vyako havijaenda popote, viko hapo hapo na vinakula. Shida vinakula sahani ya mpunga.

Bua la mpunga limejaa kaboni, naitrojeni yake ni ya kulambisha. Kwa kila kilo 1 ya naitrojeni unakuta kaboni kilo 60 hadi 80. Bakteria mwili wake una uwiano wa kama 8 kwa 1, na ukijumlisha kaboni anayoimaliza kwa kupumua, anataka chakula chenye kama 24 kwa 1. Ukimpa bua la 70 kwa 1 ni sawa na mtu aliyetengewa bonge la ugali bila mboga. Ataanza kuangaza macho kwenye mboga ya jirani.

Hesabu ya haraka kwa ekari 1. Tuseme mabua tani 2. Kaboni asilimia 40, yaani kilo 800. Naitrojeni kilo 12 hivi. Theluthi ya ile kaboni inaingia kwenye miili yao, kilo 267, na miili hiyo inahitaji naitrojeni kilo 33. Bua limeleta 12. Zile 21 zilizopungua wanachota kwenye udongo wako. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo wamekula kilo 46 hivi za urea, karibu mfuko mzima. Wewe una nusu ekari, basi gawa kwa 2.

Na hawakuibi, wamekopa. Wakifa wanarudisha. Ila wanarudisha kwa wakati wao, na mpunga una kalenda yake.

#5 JarubaLaSita (Mombo)

Kwa hiyo nimegeuka saccos ya bakteria.

#6 Mzigua_wa_Handeni

Hapo #4 kasema kweli tupu. Yalinikuta kwenye mahindi. Trekta ililima mabua mengi ya msimu uliopita, wiki moja nikapanda, mahindi yakatoka rangi ya ndizi mbivu. Nikamwaga urea mapema, siku 10 yakarudi kijani. Mwaga urea mkuu, acha kumsikiliza mzee anakohoa.

#7 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Nusu_Mtaalamu mwanangu, hesabu yako ni safi, ila umeifanyia shamba la nchi kavu halafu ukaipeleka jarubani. Na wewe Mzigua, mahindi hayasimami kwenye maji.

Maji yakituama, hewa iliyo kwenye tope inakwisha kwa siku moja au mbili. Bakteria wanaopumua hewa wanazima, wanashika zamu wale wasioihitaji. Hawa wa pili ni goigoi. Hawanenepi sana, kwa hiyo naitrojeni wanayochota ni kidogo kuliko ile ya hesabu yako. Ubaya wao uko kwingine. Bua hawalimalizi, wanaliacha njiani likiwa tindikali, jamii ya siki, na mwisho kabisa linatoka kama gesi ya methani. Hayo ndiyo mapovu mnayoyaona ukikanyaga tope. Tindikali ikizidi, mizizi michanga inaungua na shina linadumaa hata kama chakula kipo.

Kwa hiyo kabla ya urea, mwenye uzi ajibu: kati ya kufukia na kupandikiza zilipita siku ngapi?

#8 JarubaLaSita (Mombo)

Shikamoo mwalimu. Si nyingi.

#9 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Marahaba. Si nyingi ndiyo ngapi?

#10 JarubaLaSita (Mombo)

5.

#11 Mtanga_Mjini

😂😂 Siku 5! Hata uji wa togwa haujaiva.

#12 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Basi. Bua la mpunga hufukiwa mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa na unyevu tu bila maji kusimama, hewa iwemo, likaoze wiki 3 au 4 au zaidi kabla hujafungulia maji. Wewe umelifukia leo, kesho ukalizamisha, keshokutwa ukapanda juu yake. Umepika mchuzi wa siki ukautia miche.

#13 JarubaLaSita (Mombo)

Mwalimu, kwa heshima zote, hizo wiki 4 nizitoe wapi? Maji yana zamu. Zamu yangu ikipita nikiwa sijalima, nasubiri wenzangu wote wamalize. Anayesema wiki 4 huyo ana banio, mlango wa maji wa mfereji, lake peke yake. Ndiyo maana tunachoma. Si ujinga, ni kalenda.

#14 ShangaziWaMuheza

Hapo namtetea JarubaLaSita. Wengi wanaosema "wakulima wanachoma kwa mazoea" hawajawahi kugombea maji saa 8 usiku.

Ila mwanangu, ujue unachokichoma. Moto unaondoka na naitrojeni karibu yote iliyomo kwenye bua, salfa inapotea pia, na fosforasi kama robo. Potasi nyingi inabaki kwenye majivu, lakini hesabu vizuri: mabua ndiyo yamebeba potasi ya shamba, sio punje. Tani 1 ya mabua ina potasi kilo 12 hadi 17. Ukiyakusanya lundo moja ukachomea kwenye pembe ya jaruba, pembe ile inanawiri na kwingine panakwisha. Angalieni majaruba ya wachomaji, kuna duara la kijani kibichi mahali palipokuwa na lundo. Hapo ndipo chakula cha jaruba zima kililala.

#15 FundiPawatila

Shangazi hilo duara nimeliona mara mia na sikujua sababu. Nilidhani ni mtu kakojoa 😅

#16 Nusu_Mtaalamu

Mwalimu nimekubali kusahihishwa, nusu. Ndiyo maana naitwa nusu. Lakini tusibishane hewani. JarubaLaSita, kesho asubuhi ng'oa shina moja zima na udongo wake, utuambie mambo matatu:

Harufu. Kama yai viza, ni gesi ya salfa, hewa hakuna, hoja ya mwalimu ina miguu.

Rangi ya mizizi. Mizizi yenye afya kwenye jaruba huwa na ganda jekundu-kahawia kama kutu, maana mpunga unashusha hewa chini na chuma kinapata kutu kwenye mzizi. Ikiwa meusi, salfa imeshinda.

Majani. Njano ikianzia majani ya zamani ya chini, ni naitrojeni. Ikianzia majani mapya ya juu, salfa imepungua. Kama kuna vidoa vya rangi ya kutu kwenye jani, tufikirie zinki.

#17 Ng'ombe_Hamsini

Mnahangaika na mabua wakati ng'ombe wapo. Ningeyalisha yakaisha siku 2, samadi ungebaki nayo. Tumbo la ng'ombe nalo limejaa vijidudu, ni pawatila ya Mungu.

#18 Mzigua_wa_Handeni

Wewe usinianze. Ng'ombe wako wanakula bua kwangu, mavi wanakwenda kuyaacha barabarani na zizini kwako. Kwato zao zinashindilia udongo unyevu hadi unalia kama sakafu. Mabua yangu ya mwaka juzi yalikwisha kabla sijashuka kwenye pikipiki.

#19 Ng'ombe_Hamsini

Mzigua ndugu yangu, njoo zizini na mfuko, samadi nakupa bure. Ila kuchota uchote mwenyewe.

#20 JarubaLaSita (Mombo)

Ripoti ya asubuhi. Nimeng'oa mashina 3.

Harufu: yai viza. Mke wangu kafunga mlango.
Mizizi: ncha nyeusi, ila karibu na shina ina ile kutu.
Majani: njano imeanzia chini, ya zamani.
Vidoa: vipo, vichache.

Nani kashinda?

#21 Mtanga_Mjini

Wote. Sare. Twende matuta.

#22 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Yai viza na ncha nyeusi ni dalili yangu.

#23 Nusu_Mtaalamu

Na njano ya chini ni yangu, mwalimu. Ingawa nakiri kuwa mzizi uliougua hauwezi kuchota naitrojeni hata kama ipo, kwa hiyo jani litaonyesha njaa wakati chungu kimejaa. Hapo ndipo kazi inakuwa ngumu.

#24 Kijana_wa_Soni

Mmesahau kitu cha nne. Chumvi. Bondeni kule jua kali, maji yakituama yanakauka yanaacha chumvi, na jaruba la chini linapokea ya wote. JarubaLaSita, wewe uko juu au chini ya mzee wa kikohozi?

#25 JarubaLaSita (Mombo)

Chini yake. Maji yake yakitoka yanaingia kwangu.

#26 Kijana_wa_Soni

Nimemaliza.

#27 ShangaziWaMuheza

Hujamaliza. Maji ya mzee yakiingia kwake JarubaLaSita yanakuja na majivu pia, yaani potasi ya bure. Na chumvi haikuanza msimu huu. Mbona msimu uliopita hapakuwa na njano?

#28 Kijana_wa_Soni

Hatukumuuliza.

#29 JarubaLaSita (Mombo)

Ilikuwepo kidogo. Pembeni. Nilidhani ni kivuli cha mwembe.

#30 Mtanga_Mjini

Mkuu una siri nyingi kuliko benki.

#31 Mzigua_wa_Handeni

Ngoja niwaletee ya nchi kavu, maana sisi wa mahindi mmetusukuma nyuma.

Mimi niliacha kulima. Simaanishi niliacha kilimo, nimeacha kutifua. Ekari 1, misimu 3. Nachana mstari kwa jembe la kuchana, napanda, mabua yanabaki juu. Msimu wa kwanza niliaibika. Magugu yalikuja kama yametumiwa barua, udongo mgumu, na mchwa walikula mabua hadi nikajiuliza kama ni wao niliowalimia. Wa pili mvua za vuli zilikatika wiki 3, ekari ya jirani iliyolimwa na trekta ikanyauka, yangu ikahimili. Ukifunua bua chini unakuta ubaridi na nyungunyungu. Msimu wa tatu tulikuwa sawa kwa magunia, ila mimi sikulipa trekta.

Sasa kitaalamu sijui kilichotokea. Nusu_Mtaalamu au mwalimu waseme.

#32 Nusu_Mtaalamu

Ukitifua unaingiza hewa na kuvunja mabonge. Yale mabonge madogo ya udongo ndani yake kumefichwa mboji ya zamani ambayo bakteria walikuwa hawaifikii. Jembe likipita, mlango umefunguliwa. Wanavamia, wanakula, naitrojeni inatoka, mahindi yanakuwa kijani, mkulima anasema "unaona faida ya trekta?" Kweli ameiona, ila ni akiba ya miaka inayotumika msimu mmoja. Shamba jipya lililovunjwa msitu linazaa sana miaka ya mwanzo kwa sababu hiyo hiyo, halafu linachoka.

Kitu cha pili ni kuvu. Kuna kuvu wanaoishi na mizizi, wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinakwenda kuchota fosforasi mahali mzizi haufiki. Jembe linakata nyuzi hizo kila msimu, zinaanza upya. Bakteria hawajali sana jembe, kuvu wanajali. Udongo usiotifuliwa kuvu huongezeka.

Msimu wako wa kwanza ulikuwa mbaya kwa sababu uliufunga ule mlango wa hewa na kuvu walikuwa hawajajipanga.

#33 FundiPawatila

Kwa hiyo mnataka nife njaa.

#34 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Fundi usiogope, jarubani hutaachishwa kazi. Kule kuchavanga, yaani kuvuruga udongo ndani ya maji, ni lazima ili tope lishike maji yasipenye chini, na kuvu hao hawastawi sana chini ya maji. Ndiyo maana sipendi watu kuhamisha ushauri wa Handeni kuuleta Mombo, au wa Brazil kuuleta Handeni. Yule Mjerumani wa Brazil, Herbert Bartz, alianza kupanda bila kutifua mwaka 1972 kwa sababu mvua zilikuwa zinabeba udongo wake. Shida yake ilikuwa mmomonyoko. Shida ya JarubaLaSita ni maji yanayosimama.

#35 Nusu_Mtaalamu

Nyongeza ndogo, mwalimu. Bartz alizaliwa Brazil, wazazi ndio wenye asili ya Ujerumani. Mwaka 1972 uko sahihi.

#36 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Nimepokea. Nikufundishe, unisahihishe. Ndiyo faida ya kuzeeka.

#37 Mtanga_Mjini

Mkitaja mmomonyoko nakumbuka Lushoto na matuta ya Wajerumani. Babu alisema watu walikataa kabisa.

#38 Kijana_wa_Soni

Mtanga rudi darasani. Matuta yaliyokataliwa yalikuwa ya Waingereza, ule mpango wa Mlalo ulioanza miaka ya 1940 mwishoni. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko kwa amri, kazi nyingi, ardhi yenyewe haitoshi. Waligoma, kina mama wakiwemo mbele, na miaka ya 1950 mpango ukafa. Wajerumani mnaowasema walikuja na mradi wa hifadhi ya udongo mwaka 1981, hao ndio wa majani ya Guatemala kwenye makinga maji. Bibi yangu yale majani anayo mpaka leo, anakata analisha ng'ombe, kinga maji imebaki. Amri ilishindwa, chakula cha ng'ombe kikaweza.

#39 Ng'ombe_Hamsini

Naomba post #38 iwekwe juu kabisa ya uzi.

#40 ShangaziWaMuheza

Huku kwetu kuna jambo la mkonge. Jani la mkonge nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu, zinazobaki zote ni uchafu na maji. Kaka yangu alichukua lori zima la uchafu mbichi wa korona (mashine ya kukamua mkonge) akamwaga kwenye michungwa akidhani ni mbolea ya bure. Uchafu mbichi una tindikali, na ulikuwa moto kwa kuchacha. Miche 9 ilikufa. Mwaka uliofuata akaurundika kwanza, akageuzageuza, ukapoa ukawa mweusi, akaweka juu bila kufukia. Michungwa ikashukuru.

Ninachosema: takataka ni ile ile, mti ni ule ule. Na JarubaLaSita achukue udongo apeleke Mlingano wapime, si mbali. Nyerere alituwekea kituo cha udongo tukakisahau.

#41 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Shangazi umenena, ila Mlingano haikuanzishwa na Mwalimu Nyerere. Kilikuwa kituo cha utafiti wa mkonge tangu 1934, mambo ya udongo wa taifa yalikuja baadaye.

#42 ShangaziWaMuheza

Sawa mwalimu. Apeleke tu.

#43 Dawa_ya_Udongo

Habarini. Ninazo chupa za vijidudu hai, lita 1 kwa ekari, mabua yanaoza ndani ya siku 7. Karibuni inbox.

#44 Nusu_Mtaalamu

Ndugu, kijiko kimoja cha udongo wa JarubaLaSita kina bakteria wanaofikia bilioni. Hana upungufu wa bakteria. Ana upungufu wa hewa, naitrojeni na siku. Hivyo vyote havimo kwenye chupa.

#45 Mtanga_Mjini

Bilioni moja kijikoni na bado mpunga njano. Kama ofisi fulani.

#46 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

JarubaLaSita, fanya hivi. Toa maji, acha jaruba siku 3 au 4 hadi tope lianze kupasuka nyufa nyembamba. Hewa iingie. Usitie urea kabla, tuone dawa ipi imefanya kazi. Ukitia vyote pamoja hatutajua.

#47 Nusu_Mtaalamu

Naunga mkono, na tahadhari moja: hewa ikiingia, naitrojeni ya udongo inageuka kuwa naitreti, na ukirudisha maji ile naitreti bakteria wanaigeuza gesi inapaa. Kwa hiyo kausha mara moja, usikaushe na kujaza kila siku mbili.

#48 JarubaLaSita (Mombo)

Wakuu samahani kwa ukimya, wiki mbili zimepita. Nimetoa maji siku 4 kama mwalimu alivyosema. Harufu imepungua. Siku ya 8 mpunga ukaanza kurudi kijani, mizizi mipya myeupe inatoka. Mzee wa kikohozi jana kasimama kwenye tuta kaangalia muda mrefu, hakukohoa.

#49 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Hewa.

#50 Nusu_Mtaalamu

Hongera mwalimu. Ingawa wiki 5 au 6 ndio wakati ambao mkopo ungeanza kulipwa wenyewe, hata bila kukausha.

#51 JarubaLaSita (Mombo)

Kuna jambo. Nimegundua leo. Siku ile ninatoa maji, shemeji yangu alikuwa anaangalia shamba. Alipoona limekauka alidhani ndio wakati wa kutia mbolea ya kukuzia. Akamwaga kilo 25 za urea. Nimekuta mfuko mtupu stoo, kaupangusa kaukunja vizuri.

#52 Mzigua_wa_Handeni

😂😂😂 Shemeji kamaliza mjadala wa wasomi kwa mfuko mmoja.

#53 Nusu_Mtaalamu

Kilo 25. Rudi #4, nusu ekari, nilisema wamekopa kama kilo 23. Sitasema zaidi.

#54 Mwalimu_Mstaafu (Korogwe)

Usiseme zaidi. Mizizi myeupe haitoki kwa urea kwenye tope lenye yai viza.

#55 Kijana_wa_Soni

Na maji yalipotoka yaliondoka na chumvi. Naikumbusha tu.

#56 FundiPawatila

Shemeji anatafuta kibarua? Naona ni mtu wa vitendo.

#57 JarubaLaSita (Mombo)

Narudisha uzi juu, tumevuna. Nusu ekari yangu magunia 9. Mzee, nusu ekari yake, magunia 10. Kwa hiyo aliyechoma kanizidi gunia 1. Msimu ujao sijui. Nafikiria jaruba moja nifukie mapema nikipata zamu ya mwisho ya maji, jaruba moja nitandaze mabua kwenye matuta yaozee juu kama Shangazi, na moja nichome kwa kulisambaza lundo lisikae sehemu moja. Shemeji nitamfungia stoo.

#58 ShangaziWaMuheza

Majaruba uliyonayo si 2?

#59 JarubaLaSita (Mombo)

La tatu nitakodi kwa mzee.

#60 Ng'ombe_Hamsini

Na la nne niletee mimi ng'ombe.

#61 Mzigua_wa_Handeni

Swali dogo kuhusu #57. Hizo gunia 10 za mzee na 9 zako zilipimwa kwa mzani, au zake zimeshonwa kawaida na zako lumbesa, zimejazwa kupita kiasi?

#62 JarubaLaSita (Mombo)

Mzani hatuna. Zangu alishona shemeji.

#63 Mtanga_Mjini

Basi ni lumbesa.